Elimu ya kulinda kompyuta: mlango ulifunguliwaje, na nani bado yuko nje?

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya kuandika programu tuzungumze historia kidogo. Swali langu ni hili: elimu ya kulinda kompyuta ilianza lini kuwafikia wanafunzi wa sekondari, na kwa nini hadi leo inawafikia wengine na kuwapita wengine? Jibu hulipati katika kitabu cha somo la Kompyuta. Unalipata ukifuatilia visa vichache vilivyotokea Marekani kuanzia mwaka 1983, halafu ukiangalia ni nini katika hivyo kilichovuka bahari hadi huku kwetu.

Msomaji atauliza, haya yananihusu nini? Yanakuhusu. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini Jumamosi mbili kila mwezi huwa katika shule moja ya sekondari ya kutwa nikisaidia chama cha kompyuta. Wengi wa wanafunzi wale hawana kompyuta nyumbani. Hata hivyo, wao ndio mafundi wa ukoo mzima. Nyanya akipata ujumbe kwamba kuna mtu "amemtumia pesa kimakosa" na arudishe haraka, anamwita nani? Anamwita mjukuu aliye kidato cha pili. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, akiba ya familia inakaa ndani ya simu, na mlinzi wa simu hiyo ni mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha ulinzi. Ndiyo maana historia hii naichukulia kwa uzito.

Vijana wa Milwaukee

Mwaka 1983 kikundi cha vijana wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kiligunduliwa kuwa kimekuwa kikiingia katika kompyuta za watu. Walijiita 414s, kutokana na nambari ya simu ya eneo lao. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 16 na 22. Miongoni mwa walikoingia ni maabara ya Los Alamos, ambako bomu la nyuklia la kwanza lilitengenezwa, hospitali ya saratani ya Sloan-Kettering mjini New York, na benki ya Security Pacific.

Unadhani walitumia maarifa makubwa? La. Walikuwa na kompyuta ndogo za nyumbani, modemu na laini ya simu. Waliingia kwa maneno ya siri ambayo kompyuta zile zilitoka nayo kiwandani, na ambayo wenye kompyuta hawakujisumbua kuyabadilisha. Ni sawa na kununua kufuli na kuacha ufunguo ukining'inia humo humo.

Mwezi Juni mwaka huo huo filamu ya WarGames ilikuwa imetoka, ikimwonyesha kijana anayeingia katika kompyuta ya jeshi na karibu aanzishe vita vya nyuklia. Kwa hiyo habari za vijana wa kweli zilipofika magazetini, nchi nzima ilishtuka. Mmoja wao, Neal Patrick, aliyekuwa na miaka 17, picha yake iliwekwa mbele ya jarida la Newsweek mwezi Septemba 1983, na akaitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Marekani. Serikali ilijibu kwa sheria. Bunge lilipitisha moja mwaka 1984, kisha mwaka 1986 ikaja sheria kubwa dhidi ya uhalifu wa kompyuta ambayo ingali msingi wa kesi za aina hiyo nchini humo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, vijana wale walikuwa na kiu ya kujua na hawakuwa na uwanja halali wa kuimalizia. Sheria ilijenga ukuta, lakini hakuna aliyejenga uwanja. La pili, hata kufika kwenye kosa lao kulihitaji kompyuta, modemu na simu ndani ya nyumba. Mwaka 1983, simu ya nyumbani peke yake ilikuwa anasa kwa familia nyingi za Kenya. Tangu mwanzo kabisa, maarifa haya yalikuwa ya aliyezaliwa karibu na mashine.

Mdudu wa 1988

Tusonge miaka mitano. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika chuo kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ilipitia dosari katika programu za barua pepe na nyinginezo, na pia ilikisia maneno ya siri yaliyo rahisi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ilizilemaza kompyuta 6,000 hivi, wakati ambapo intaneti nzima ilikuwa na kompyuta 60,000 hivi. Mwezi huo huo, chuo kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh kilipewa kazi ya kuanzisha kituo cha dharura cha kushughulikia mashambulizi ya aina hiyo. Likumbuke jina la chuo hicho, tutalirudia.

Babake Morris, kwa bahati, alikuwa mtaalamu mkubwa wa usalama wa kompyuta katika shirika la kijasusi la NSA. Kijana alishtakiwa chini ya sheria ile ya 1986. Mwaka 1990 mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuja kuwa profesa katika chuo maarufu cha MIT. Simwonei wivu, na kupewa nafasi ya pili ni jambo jema. Ninachouliza ni hiki: kijana asiye na baba wa aina hiyo, asiye na chuo wala wakili, angepewa nafasi ya pili?

Kutoka hapo elimu hii ilikaa vyuo vikuu, jeshini, na katika mikutano ya wadukuzi wenyewe. Mwaka 1996, mkutano wa DEF CON wa Las Vegas ulianzisha mashindano ya kuteka bendera. Kila timu inalinda mashine zake na kushambulia za wenzake. "Bendera" ni maandishi ya siri yaliyofichwa ndani, na atakayeyapata anaongezewa alama. Huo ndio uliokuwa uwanja halali uliokosekana mwaka 1983. Lakini ulikuwa uwanja wa mabingwa, tena wenye nauli ya kufika Las Vegas. Mwanafunzi wa sekondari angetazama tu kwa mbali.

Timu nane za Orlando

Hatua kubwa ya kwanza kuelekea sekondari ilipigwa Februari 2009 huko Orlando, Florida. Chama cha wanajeshi wa anga kilichoitwa wakati huo Air Force Association kilifanya majaribio ya shindano la CyberPatriot kwa timu 8 tu. Shindano likashika. Kufikia msimu wa 2018-19, timu zilizojiandikisha zilikuwa zaidi ya 6,000.

Mchezo wenyewe ni wa ulinzi mtupu. Timu inapewa kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoishi kama faili ndani ya kompyuta nyingine, iliyojazwa dosari kwa makusudi. Kuna mtumiaji asiye na neno la siri, kuna programu ambayo haijasasishwa kwa miaka, kuna huduma iliyoachwa wazi bila sababu. Wanafunzi wanazitafuta na kuziziba, alama zinapanda. Wakiharibu kitu kinachohitajika, alama zinashuka. Napenda sana sheria hiyo ya pili, maana inafundisha kwamba mlinzi anayefunga duka lisifanye biashara hajalinda kitu.

Waandalizi waliona mapema kwamba ada ya usajili ingewafungia nje wengi, wakaisamehe kwa shule zinazohudumia watoto wa familia maskini na kwa timu za wasichana watupu. Ni jambo la kusifiwa. Lakini ada haikuwa kizuizi pekee. Faili ya kompyuta pepe ni gigabaiti kadhaa, na mashine ya kuiendesha inahitaji kumbukumbu ya kutosha. Shule yenye kompyuta za kupewa na intaneti ya kununua kwa bando, hata ukiisamehe ada, itabaki pale pale mlangoni.

Roboti aliyeanguka uani

Sasa turudi Pittsburgh. Carnegie Mellon ilikuwa na timu ya wanafunzi iitwayo Plaid Parliament of Pwning, ambayo mwaka 2013 ilishinda shindano la DEF CON. Mwaka huo huo, profesa David Brumley pamoja na wanafunzi wake walitoa shindano la watoto wa sekondari, picoCTF, kuanzia tarehe 26 Aprili hadi 6 Mei. Hadithi yake ilihusu roboti aliyeanguka kutoka angani hadi uani kwako, na kazi yako ni kumtengeneza kwa kufumbua mafumbo ya kompyuta. Zilishiriki karibu timu 2,000.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo historia ilipogeuka, na sababu haikuwa hadithi ya roboti. Zilikuwa sababu tatu za kawaida kabisa.

Kwanza, hakikuhitajika kitu zaidi ya kivinjari. Pale penye haja ya kuandika amri za Linux, dirisha la amri lilifunguka ndani ya kivinjari hicho hicho, na kazi nzito ikafanywa na seva za chuo. Kompyuta kuukuu ya maabara ya shule ikatosha.

Pili, ilikuwa bure, na mafumbo ya mwaka uliopita hayakufungiwa kabatini. Mwanafunzi anayeanza leo anaweza kuyafanyia mazoezi, bila saa wala mwisho wa msimu.

Tatu, yalianzia chini kabisa na kupanda ngazi kwa ngazi, tena kila fumbo likiwa na dokezo. Chukua mfano huu. Unapewa neno "fvev" na kuambiwa kila herufi imesogezwa nafasi 13 mbele katika alfabeti ya Kiingereza yenye herufi 26. Rudisha nyuma: f inakuwa s, v inakuwa i, e inakuwa r, v inakuwa i tena. Umepata "siri". Nimelifanya fumbo hili na watoto wa kidato cha kwanza kwa chaki na ubao, stima ikiwa imepotea. Kisha unawauliza: kama nyinyi mmelifumbua kwa dakika tano, mwizi mwenye kompyuta atachukua muda gani? Hapo wameelewa bila hotuba kwamba kuficha na kulinda ni vitu viwili tofauti.

Wapo waliolalamika kwamba hapa watoto wanafundishwa wizi. Hoja hiyo haikosi uzito, lakini fikiria fundi wa kufuli. Asiyejua kufuli linavyovunjwa hawezi kutengeneza kufuli zuri, na wala huwezi kumzuia mwizi kujua. Tofauti ya fundi na mwizi ni ruhusa. Somo la ruhusa ndilo linalokosekana mtoto anapojifunzia vichochoroni, na ndilo la kwanza anapojifunzia darasani.

Mashindano hayatoshi bila mwalimu

Shindano likiwa la bure na la kivinjari, je, watoto wote wanakuja? Hawaji. Wanakuja wale ambao kuna mtu mzima aliyewaambia kwamba lipo. Ndiyo maana sehemu nyingine ya historia hii, isiyo na vikombe wala picha magazetini, ni ile ya walimu.

Mwaka 2014 NSA na shirika la taifa la sayansi la Marekani walianzisha GenCyber, mpango wa kambi za likizo zisizolipiwa, za wanafunzi na za walimu vilevile. Na huko Bossier City, Louisiana, kulikuwa tayari na kituo kilichokuwa kikiandika masomo ya usalama wa kompyuta na kuwapa walimu bila malipo. Mwaka 2020 kilichukua jina la CYBER.ORG, na mwaka 2021 kikatoa viwango vya somo hili kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari. Louisiana si jimbo tajiri. Mwalimu wa hisabati wa kijijini aliyepewa maelezo yaliyoandikwa vizuri anaweza kufundisha bila kuwa bingwa wa Las Vegas.

Mwaka 2023 jimbo la North Dakota, lenye mashamba mengi kuliko miji, lilipitisha sheria ya kutaka kila mwanafunzi afundishwe kompyuta na usalama wake, likawa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Ukiyapanga haya pamoja unaona mwelekeo: kutoka kwa kijana mwenye modemu, hadi timu yenye ada, hadi kivinjari cha bure, hadi somo la kila mtu. Kila hatua iliondoa kizuizi kimoja na kufichua kingine kilichokuwa nyuma yake.

Kigali, na huku kwetu

Carnegie Mellon ilifungua tawi lake mjini Kigali, Rwanda, mwaka 2011. Kupitia tawi hilo, miaka ya karibuni yameandaliwa mashindano ya picoCTF-Africa kwa wanafunzi wa bara letu. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa Pittsburgh una tundu Afrika Mashariki, mwendo wa basi kutoka Nairobi.

Basi tuko sawa? Bado. Nitaje vikwazo ninavyoviona kwa macho yangu.

Somo la Kompyuta katika mtihani wa KCSE limekuwa la hiari, na shule nyingi hazijalitoa kabisa kwa kukosa maabara au mwalimu. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa sababu zinazoeleweka. Kwa hiyo kivinjari cha bure kinabaki nyuma ya mlango wa maabara, na mlango wa maabara una kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye Jumamosi ana shamba lake. Msinicheke, hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote nilivyokutana navyo. Kinashinda hata bei ya bando.

Kisha kuna lugha. Mafumbo haya yameandikwa kwa Kiingereza, tena chenye mizaha ya Kimarekani. Wanafunzi wetu wanasoma kwa Kiingereza, lakini nimeona mara nyingi kwamba fumbo likigoma, tukilieleza upya kwa Kiswahili linafumbuka. Kilichowakwamisha kilikuwa sentensi, hesabu waliiweza.

Na kuna sheria. Mwaka 2018 Kenya ilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Sina neno na kuwepo kwa sheria ya namna hiyo. Lakini tazama tulipo: tumejenga ukuta kama Marekani ya 1986, na kwa watoto wengi uwanja bado haujajengwa. Kijana wa shule ya kitaifa ana chama, ana mwalimu, ana binamu anayefanya kazi benki. Atakuwa mhandisi wa usalama. Kijana wa shule ya kutwa mwenye akili ile ile anajifunzia kwenye video za kubahatisha, na siku atakayojaribu alichojifunza kwenye mfumo wa mtu, hakuna aliyemwambia mpaka uko wapi. Huyo ndiye ninayemhofia. Hatari yake ni kubwa kwetu sote, na kwake ni kubwa zaidi.

Tufanye nini basi?

Historia yenyewe imetufundisha: ondoa kizuizi kimoja kwa wakati, ukianza na kilicho karibu. Programu ya kuendeshea mashindano ya picoCTF ilitolewa wazi kwa yeyote kuitumia, na zipo nyingine za bure za aina hiyo. Sisi tumeweka moja kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, tukaiunganisha na za maabara kwa waya, bila intaneti hata kidogo. Mafumbo tunayaandika wenyewe kwa Kiswahili. Moja linahusu ujumbe wa tapeli wa pesa za simu: tafuta ishara nne zinazomfichua. Jingine linahusu picha ambayo ndani yake imebaki habari ya mahali ilipopigiwa. Gharama yetu yote ilikuwa swichi na waya.

Kanuni ya kwanza ukutani inasema: usiguse mashine ambayo mwenyewe hajakuruhusu. Nyingine ni ya kubadilisha maneno ya siri ya kiwandani. Mwezi uliopita msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama kanuni hiyo inahusu pia kisanduku cha intaneti cha shule. Tukaomba ruhusa kwa naibu wa mwalimu mkuu, tukaangalia naye akiwa amesimama nyuma yetu. Neno la siri lilikuwa "admin", kama lilivyotoka dukani. Miaka arobaini na zaidi baada ya Los Alamos, ufunguo bado unaning'inia kwenye kufuli. Safari hii aliyeuona alikuwa na ruhusa ya kuutoa, na alijua la kufanya.

Kama wewe ni mwandishi wa programu na una Jumamosi mbili kwa mwezi, kuna shule karibu nawe yenye maabara iliyofungwa. Anza kwa kumtafuta mwenye ufunguo.